Gari la Kwanza na Liwe la Kufunguka

Kuna mjadala umezuka hapa shuleni na sitaki unipite nikiwa nimefumba mdomo. Wanachama wa chama cha sayansi waliuza maembe msimu uliopita, wakaweka fedha pamoja ili chama kinunue gari la rimoti. Sasa wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unataka magari matatu ya bei rahisi, yale yanayouzwa yakiwa tayari ndani ya maboksi yenye picha za kupendeza. Upande wa pili unataka gari moja tu, tena lije vipande vipande tuliunde wenyewe. Mimi ni wa upande wa pili, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, tusijifanye wageni wa magari. Nani kati yetu hapa Kinakomba hajawahi kusukuma gari la waya? Waya wa kuokota, magurudumu ya ndara kuukuu, usukani mrefu wa kufika kifuani, basi safari imeanza. Gurudumu likikatika unachonga jingine. Waya ukipinda unaunyoosha. Gari la waya halifi, kwa sababu aliyeliunda ndiye fundi wake. Gari la rimoti ni ndugu yake, ila mahali pa ule usukani mrefu pana mawimbi ya redio. Na jambo lenyewe si la jana: Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo ya kuongozwa kwa redio mjini New York mwaka wa 1898.

Hebu sasa tuyapime yale magari matatu. Wenzetu wana hoja, siwabezi. Wanasema matatu yatawatosha wengi na foleni itakuwa fupi. Lakini si mnayajua magari yenyewe? Mengi ya bei ya chini kabisa hukata kona kwa namna mbili tu, kushoto kabisa au kulia kabisa. Kona ya kiasi hakuna, kwa hiyo dereva hajifunzi kuendesha. Ndani yake, kipokezi cha redio na vidhibiti vya mwendo na usukani vimeunganishwa kwenye kibao kimoja; kimoja kikiungua, vyote vimekwenda. Jino la gia likivunjika, huipati gia hiyo dukani. Isitoshe, yale yanayotumia masafa ya megahezi 27 yana kisa chake: mawili yakiwa kwenye chaneli moja, rimoti yako yaweza kuliamrisha gari la mwenzako! Foleni itakuwa fupi, naam, lakini si ajabu kabla ya muhula kwisha tukawa na maboksi matatu ya kutazama. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Tuchague lipi basi? Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka wa 1976, mfano wa Porsche 934. Mwaka wa 1984 ikatoa Grasshopper, yaani panzi, gari jepesi la njia mbovu lililowafaa wanaoanza, na mwaka wa 2005 likatolewa upya. Huja vipande, skrubu na kitabu cha michoro. Mwenye kuliunda anazipanga gia kwa mkono wake, anatia grisi na kufunga springi, hata siku gari likianza kulia anajua sauti inatoka wapi. Sisemi lazima liwe hilo. Nasema liwe la aina hiyo, ambalo kipande kimoja kikivunjika utanunua kipande kimoja, si gari zima.

Hapa mweka hazina atege sikio. Magari mengi ya kuunda hayaji na kila kitu. Rimoti na kipokezi chake, kile kimota cha kugeuza usukani, betri na chaja mara nyingi hununuliwa kando. Anayesoma bei ya boksi peke yake ataumbuka dukani. Tuulize jumla kabla ya kutoa hata shilingi. Na rimoti iwe ya gigahezi 2.4, kwa kuwa hiyo hufunganishwa na kipokezi chake na haisumbuani na ya jirani.

Tukumbuke pia ardhi yetu. Vumbi la huku si mchezo, na linapenda kuingia kwenye ekseli. Magari mengi ya kuunda huja na vikombe vya plastiki mahali pa beringi. Mchanga ukiingia, vinalika upesi. Beringi zilizofunikwa ziwe ununuzi wetu wa pili. Na miiba ya mathenge? Hapo wengi walinicheka, eti tairi zitapata pancha kila siku. La hasha! Tairi za magari haya kwa kawaida hazijazwi upepo. Ndani mna sponji. Mwiba ukiingia unachomolewa, safari inaendelea. Maji ndiyo ya kuogopwa, maadam si kila kifaa cha umeme kimezibwa. Tena gari likitumbukia Tana, asitumwe mtu kulifuata. Mamba hawajui kama ni la chama.

Kuna wanaotaka mwendo wa risasi, mota isiyo na brashi na betri ya lithiamu. Haraka haraka haina baraka. Betri ya lithiamu ya aina hiyo ina nguvu nyingi na ni nyepesi, lakini ikichajiwa vibaya au kutobolewa yaweza kuwaka moto. Anayeanza atosheke na betri ya nikeli ya volti 7.2 na mota ya brashi. Hiyo nayo ina masharti yake: ipoe kabla ya kuchajiwa, na isiachwe juani. Stima ikipotea tusikate tamaa, kwani ziko chaja zinazokubali volti 12 za betri ya gari au ya sola.

Na kama fedha hazitoshi, tusione haya kununua lililotumika, mradi vipande vyake bado vinauzwa. Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya, alishinda mashindano ya Safari mwaka wa 1965 akiwa na nduguye Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kushindaniwa na dereva mwingine. Joginder alikuwa fundi, alijua kuliandaa gari lake. Ushindi ulianzia kwenye spana.

Najua wazazi wengine watauliza: mafuriko ya mwaka wa 2023 na 2024 yalitufagilia mashamba, nanyi mnawaza magari ya kuchezea? Swali ni la haki. Jibu langu liko ukingoni mwa mto. Pampu ya maji ikikwama wakati mahindi yanataka maji, mwenye shamba anangoja fundi kutoka Hola, pengine Garissa, na jua halimngojei. Pampu nayo ina beringi, ina skrubu, ina kitu kinachozunguka na kitu kinachokizuia. Aliyezoea kufungua kidogo bila kuogopa atathubutu kufungua kikubwa. Gari lililofungwa kiwandani lisifunguke litatufundisha kubonyeza tu.

Kwa hiyo nawaomba wanachama, siku ya kura mchague moja la kuunda. Kila mmoja afunge walau skrubu yake, wasichana kwa wavulana, wala asitokee bingwa wa kushika bisibisi peke yake wengine wakiwa watazamaji. Foleni itakuwa ndefu, nakubali. Lakini anayengoja zamu ya kuendesha atakuwa mezani akisafisha gia, na hiyo nayo ni zamu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.