Sitara ya Wazee na Maradhi ya Tezi Dume

Mwanamume aliyekwisha kutimiza miaka 60, akitaka kusafiri kwa basi kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, aghalabu huianza safari yake tangu usiku kwa kujinyima maji. Asubuhi hanywi chai, njiani huikataa soda anayonunuliwa na mwanawe, na dereva asimamapo ili abiria wachimbe dawa, yeye huwa wa kwanza kushuka na wa mwisho kurudi, maana husimama kichakani muda mrefu akiungoja mkojo ambao zamani haukungojwa. Akiulizwa kulikoni, hujibu kuwa ni baridi, au ni uzee tu. Jibu hilo, ambalo sisi wanawe tumezoea kulipokea kwa adabu na kunyamaza, linawatia wazee wetu katika hatari ambayo wengi wao wangeweza kuepushwa nayo.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilichokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Ujanani uzito wake ni kama gramu 20, walakini mtu apitapo miaka 40 huanza kukua, na kwa kadiri ya nusu ya wanaume wenye miaka 60 ukuaji huo huwa umekwisha kuingia. Ikikua hubana mrija, na hapo mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa unyonge, hukatika, na mwenyewe huamka usiku mara tatu au nne kwenda kutabawali. Hali hii si saratani, wala haitokani na uasherati wa ujana kama wasemavyo wajinga. Lakini ikipuuzwa, mkojo unaosalia kibofuni huzaa uambukizo na mawe, tena huweza kuyaharibu mafigo. Wako ambao mkojo huwafunga kabisa kwa sababu ya dawa ya mafua waliyojinunulia dukani, kwani baadhi ya dawa hizo hukaza misuli ya shingo ya kibofu, wakakimbizwa hospitali usiku wa manane kutiwa mpira.

Saratani yenyewe ina hila zaidi, kwa kuwa aghalabu huanzia pembezoni mwa tezi, mbali na mrija, ikaenea kimya hadi mifupani, na dalili ya kwanza ikawa maumivu ya mgongo au nyonga ambayo mzee huyapaka dawa ya kuchua. Wanaume wenye asili ya Afrika ndio wapatwao nayo zaidi; huko Marekani weusi hufa kwa saratani hii takriban mara mbili kuliko weupe. Kwa hivyo aliyevuka miaka 50, au mapema zaidi ikiwa baba au nduguye aliugua, asingoje maumivu, bali amwendee tabibu wakashauriane juu ya kipimo cha damu na uchunguzi wa kidole, ambao hauchukui hata dakika moja.

Kinachowazuia wazee kwenda kwa tabibu ni kuona haya. Namjua mzee aliyeacha sala ya jamaa kwa kuwa matone yalimharibia udhu na kanzu, na majirani wakadhani amelegea katika ibada. Ilhali wanazuoni wa Kishafii walikwisha kueleza zamani kwamba mwenye kutokwa na mkojo bila ya kujizuia hujihifadhi kwa kitambaa, akatawadha kwa kila faradhi baada ya wakati wake kuingia, akasali. Mlango huo husomeshwa msikitini mbele ya vijana bila ya mtu kuinamisha uso. Ikiwa sheria imelitaja jambo hili waziwazi, sisi tunaona fedheha ya nini kulitaja nyumbani? Nelson Mandela alipasuliwa tezi dume mwaka 1985 akiwa mfungwa. Mwaka 2001 alipopatikana na saratani ya tezi hiyo na kutibiwa kwa mionzi, ulimwengu mzima ulijua, na hadhi yake haikupungua hata chembe. Alifariki mwaka 2013, akiwa na miaka 95.

Walakini si haki kuwatwisha wazee lawama yote. Katika hospitali moja nimemsikia karani wa dirishani akimwuliza mzee kwa sauti kubwa, mbele ya safu ya wanawake na watoto, kilichomleta. Yule mzee akasema kichwa kinamuuma, akapewa vidonge vya kichwa, akaenda zake. Chumba chenye mlango unaofungika, na mhudumu mwanamume mwenye staha, si gharama ya kuishinda serikali yoyote, nami naisihi Wizara ya Afya ilitazame jambo hili kabla ya kununua mashine nyingine.

Nawe kijana usomaye, baba yako hatakwambia. Mwulize mkiwa wawili tu, usimcheke, umlipie nauli, uende naye mpaka kwa daktari, nawe ukae nje umngoje.