Acha Kuuza Rimu kwa Inchi Peke Yake

Wauza rimu na matairi mtandaoni, leo tuongee ukweli. Ukipita Instagram au kwenye magrupu ya WhatsApp, hukosi posti ya namna hii: "Rimu kali za sport, inchi 18, nati tano, zinaingia gari zote. Bei njoo inboksi." Picha ni safi, rimu zinang'aa, komenti zimejaa emoji za moto. Ila kwa mtu mwenye gari la sport, posti hiyo haijamwambia kitu.

Msimamo wangu ni huu: kama hujui vipimo vya rimu unayouza, na hujui inakwenda kufungwa kwenye gari gani, usipokee hela ya mtu. Bora ukose mauzo leo kuliko seti irudi wiki ijayo ina mikwaruzo na mteja anadai pesa yake.

Hakuna rimu inayoingia gari zote. Rimu ina vipimo vitano: kipenyo, upana, mzunguko wa nati (PCD), ofseti (imeandikwa ET) na tundu la katikati. Wengi tunaposti kile cha kwanza tu, halafu tunashangaa mizigo kurudi.

Chukua mfano wa Toyota 86, ambayo ni pacha wa Subaru BRZ. Mteja anakwambia, "Boss, nina Toyota, nati tano, 5x100." Wewe ndani una rimu zilizotolewa kwenye Toyota Wish, nazo ni nati tano, 5x100. Unajisemea: Toyota kwa Toyota, shida iko wapi? Shida ni kwamba 86 imetengenezwa kwenye kiwanda cha Subaru, na habu yake ni ya Subaru: milimita 56.1. Tundu la katikati la rimu ya Wish ni 54.1. Milimita mbili tu, lakini rimu haikai. Hapo umeshalipia basi, umeshalipia bodaboda, na fundi wa mteja anakutumia video akicheka.

Ukigeuza pia kuna kesi. Rimu ya Subaru ukiipeleka kwenye Wish inaingia, ila inabaki na nafasi kuzunguka habu. Hapo panatakiwa ringi ya kujaza hiyo nafasi, la sivyo rimu inaweza isikae katikati sawasawa na usukani ukatetemeka kwenye mwendo. Rimu nyingi zisizo za kiwandani zina tundu kubwa makusudi, kwa mfano 73.1, ili zitumike na ringi. Kama zako ni za hivyo, uza na ringi zake kabisa.

Nati nazo usizisahau. Toyota nyingi ndogo zinatumia M12x1.5, lakini 86 na Subaru zinatumia M12x1.25. Kwa macho zinafanana. Fundi akilazimisha kwa mashine ya upepo, meno ya stadi yanakwisha. Tena kuna nati za kichwa cha koni, za mviringo na za bapa, na kila moja ina rimu yake. Nati isiyokaa vizuri italegea, na tairi linaweza kuchomoka barabarani. Hapo hatuongelei tena kurudishiana pesa, tunaongelea maisha ya watu.

Tuje kwenye upana na ofseti, maana hapa ndipo wapenda magari ya sport wanapoumia. Hiyo 86 ya kwanza, kwenye rimu za inchi 17, inakuja na 17x7 ET48. Ukimuuzia mteja 18x8.5 ET35, ukingo wa nje wa rimu unatoka milimita 32 zaidi ya ule wa kiwandani. Hesabu yake si ngumu: upana umeongezeka inchi 1.5, yaani milimita 38, nusu yake 19 inakwenda nje. Ongeza 13 zilizopungua kwenye ofseti. Jumla 32. Kwenye picha gari litaonekana limekaa kibabe. Akipakia watu na kukutana na tuta, tairi linakula fenda.

Matairi pia yana hesabu yake. 215/45R17 lina kimo cha milimita 625 hivi. Mteja akihamia inchi 18, 215/40R18 lina 629, tofauti chini ya asilimia moja. Hilo linakwenda. Lakini ukimpa 225/45R18 kwa sababu ndilo lililobaki stoo, kimo kinafika 660, yaani zaidi ya asilimia tano. Linaweza kugusa, gari linakuwa zito kuondoka, na spidi inayosomeka inakuwa ndogo kuliko mwendo halisi. Wengi kwenye kazi hii hujitahidi tofauti isizidi asilimia tatu, na mimi nakubaliana nao.

Kanuni ni hii: upana wa tairi zidisha kwa namba ya pili, gawa kwa 100, zidisha mara mbili. Kisha jumlisha inchi za rimu mara 25.4. Simu yako ina kikokotoo, kitumie.

Na usimuuzie mwenye gari la mbio tairi kwa saizi peke yake. Angalia herufi ya mwisho: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Soma na tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Liandike kwenye posti. Mteja akija kuligundua mwenyewe baadaye, ataona ulimficha.

Najua wengine watasema: "Mteja ndiye anayejua gari lake, mimi nauza tu." Hapana. Mteja anajua jina la gari. Subaru Impreza WRX STI ya modeli ya 2004 ni 5x100, ya modeli ya 2005 ni 5x114.3. Kwa nje zinafanana sana. Nyingi zina breki za Brembo, ambazo hazikubali rimu ndogo chini ya inchi 17, na hata ya 17 si kila moja inapita. Mteja aliyenunua gari mwezi jana atayajulia wapi hayo? Wewe ndiye mwenye duka.

Wengine watasema maswali mengi yanafukuza wateja. Wanaofukuzwa na swali la "gari gani, mwaka gani, nitumie picha ya kibandiko cha mlangoni" ndio hao hao wangerudisha mzigo. Piga hesabu: faida ya seti moja, toa nauli ya kwenda, toa nauli ya kurudi, toa kazi ya fundi uliyobembelezwa kulipia. Hujabaki na kitu. Na screenshot imeshasambaa kwenye grupu.

Kuhusu "fundi atapanua matundu": usiguse biashara hiyo. Spesa nzuri zinazokaa kwenye habu zipo na zina kazi yake, lakini si za kufunikia rimu uliyouza kimakosa.

Kama rimu haina maandishi ya PCD, pima mwenyewe. Kwenye nati tano huwezi kupima moja kwa moja kwa kuvuka, kwa sababu hakuna tundu linalotazamana na lenzake. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile la jirani. Ukipata milimita 58.8, ni 5x100. Ukipata 65.8, ni 5x112. Ukipata 67.2, ni 5x114.3. Hizo mbili za mwisho zinapishana kidogo sana, kwa hiyo usipime kwa rula ya mtoto wa shule. Tafuta kalipa ya kupimia.

Posti yako iwe hivi: "Seti ya rimu 4, 17x7.5, 5x100, ET45, tundu 56.1, nati za koni hazipo. Rimu moja ina mkwaruzo, angalia picha ya tatu. Bei hii hapa. Tuma aina ya gari, mwaka na picha ya rimu zilizopo sasa kabla ya kulipia." Atakayekuja inboksi baada ya kusoma hivyo amekuja kununua.

Picha nzuri kila mtu anayo siku hizi. Mteja wa gari la sport ana marafiki wenye magari ya sport, na wanaulizana, "Rimu ulinunua wapi, ziliingia bila shida?" Jibu la swali hilo ndilo tangazo lako.

Wewe unayeuza rimu: kwenye posti yako ya mwisho uliandika vipimo vingapi kati ya vile vitano? Weka jibu kwenye komenti.