Kusoma Msitu Ugenini

Kijana mmoja wa Buluo aliyemaliza sekondari na kupata diploma yake ya serikali ametuletea swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile ile. Ataka kwenda nchi nyingine kusoma elimu ya misitu: jinsi viumbe vya aina nyingi vinavyoishi pamoja mahali pamoja, na jinsi watu wawezavyo kuvuna pasipo kumaliza. Wenye elimu huliita jambo la kwanza bioanuwai, na la pili uzalishaji endelevu. Baba yake ataka asome mambo ya migodi. Mama yake ndiye atakayelipa, na mama yake auza makala.

Wasomaji wa mbali wafahamu kwamba makala tusemayo sisi ni mkaa wa kupikia. Buluo iko Likasi, mji wa shaba na kobalti katika Haut-Katanga. Wengi wakilisikia jina lake hukumbuka gereza la askari tu. Sisi twaikumbuka kwa magunia. Tulipokwenda kuwaona Jumapili moja baada ya Misa, mama yule alinyosha mkono kuelekea porini, akasema: “Mwalimu, nilipoolewa tulikuwa tukichoma pale karibu. Siku hizi baba watoto atoka na baiskeli alfajiri, na kurudi ni usiku.”

Basi shauri lenyewe ndilo hili: magunia ya makala yatalipa karo ya mtu aendaye kujifunza namna ya kuiokoa miti ile ile iliyochomwa. Wako watakaocheka. Sisi hatukucheka, maana karo za watoto wengi tuliowafundisha zilitoka katika moshi huo.

Kwanza tuseme juu ya neno “ugenini”. Wazazi wakilisikia huona ndege kubwa na nchi ya theluji. Hatuwadharau wataalamu wa Ulaya. Mbelgiji François Malaisse alifundisha Lubumbashi miaka mingi, na mwaka 1997 kilichapishwa kitabu chake kikubwa juu ya vyakula vya msitu wa miombo: uyoga, matunda, asali, na finkubala wetu. Lakini mwangalie alivyovijua. Alikuja huku, akatembea katika misitu hii, akawauliza wenyeji. Mambo ambayo bibi zetu waliyajua bila daftari, yeye aliyaandika. Ikiwa mgeni alivuka bahari aje kuusoma msitu wetu, je, kijana wetu avuke bahari kwenda kuusoma msitu wa nani?

Kwa hiyo tulimwambia kijana aanzie nyumbani. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka Likasi, kina fakulte ya kilimo. Tena vilima vyetu vya shaba ni shule peke yake. Juu yake huota mimea zaidi ya aina 30 isiyoota kwa asili mahali pengine po pote duniani, kwa sababu imezoea udongo ambao mimea mingine hufa ndani yake. Lipo ua dogo liitwalo Haumaniastrum katangense, ambalo wachimbuzi wa mambo ya kale walilifuata wakagundua matanuri waliyoyeyushia shaba wazee wetu karne nyingi zilizopita. Kilima kikichimbwa chote, mimea yake huondoka pamoja na udongo. Mtu asiyeyajua hayo atakwenda ng'ambo na mikono mitupu, wala hatakuwa na la kuwauliza walimu wake.

Baada ya hapo, na aende. Lakini aende kwenye jua kama letu. Malori yabebayo shaba yetu huvuka mpaka Kasumbalesa, hupita Zambia, huingia Tanzania kwa Tunduma, na kushuka hadi bandari ya Dar es Salaam. Mwanafunzi akipanda basi njia hiyo hiyo, mahali pengi ataona dirishani miti ya jamaa ile ile ya miombo aliyoiacha nyuma ya nyumba ya mama yake. Atakuwa mgeni kwa watu, lakini si kwa miti.

Karibu na Ndola, huko Zambia, tangu mwaka 1933 wataalamu walitenga vipande vya msitu wapate kujua moto hufanya nini. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, majani yakiwa bado na unyevu. Kingine kilichomwa mwisho wa kiangazi, kila kitu kikiwa kikavu. Kingine hakikuguswa na moto. Kwa miaka mingi kile cha moto wa mwisho kiligeuka kuwa nyika ya majani. Kile kisichoguswa kikasongamana miti. Nasi huku twachoma mwezi gani? Kila msomaji ajijibu.

Huko mbele kuna Morogoro, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984. Lakini hasa tulimtajia kijana wilaya ya Kilosa, mkoa ule ule. Tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa huko vilisaidiwa kuchoma mkaa kwa utaratibu. Kijiji kilitenga sehemu ndogo tu ya msitu wake, kikaigawa viwanja vya mita 50 kwa 50, vikapangwa kama ubao wa drafti: hiki kikikatwa, jirani yake huachwa. Visiki havikung'olewa, kwa maana miti mingi ya miombo huchipuka tena kutoka kisiki na mizizi. Miti ya mbao haikukatwa, wala kandokando ya vijito. Kiwanja kilichokatwa kilipangiwa kupumzika hata miaka 24. Na fedha za vibali ziliingia katika mfuko wa kijiji, zikajenga madarasa.

Tena kuna ufundi wa tanuri. Katika kilo 100 za kuni, tanuri la udongo la kienyeji hutoa kilo 10 mpaka 20 za makala. Lililo bora, lenye bomba la moshi na kuni zilizokauka sawasawa, hutoa zaidi. Wapo wachomaji wa kwetu waonao kungoja kuni zikauke ni uvivu. Kumbe aliyengoja apata gunia jingine katika mti ule ule.

Baba yake kijana, ambaye ni mtu wa maneno machache, alisema: “Kama ni miti tu, si tupande mikaratusi, yakaisha?” Si neno la kipumbavu. Mikaratusi ikipandwa mahali pake hupunguza shoka porini. Lakini tulimsimulia habari za Amani, katika milima ya Usambara, ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Mti mmoja, Maesopsis eminii, uliletwa huko kutoka pande nyingine na kupandwa, kwa kuwa hukua upesi. Hondohondo wakala matunda yake, wakazisambaza mbegu, na mti ukaingia msituni ukakamata nafasi ya miti ya asili. Na huku kwetu, nani ameona finkubala wetu kwenye mkaratusi?

Iko taabu moja, nasi hatukuificha. Sokoine hufundisha kwa Kiingereza, na kijana huyu amesomeshwa kwa Kifaransa. Asipokishika Kiingereza kabla ya kuondoka, mwaka wa kwanza utampotea, na magunia ya mama pamoja nao. Vijijini hatapata shida: wachoma mkaa wa Kilosa watamwelewa kwa Kiswahili, hata kama watatabasamu kidogo wakisikia Kiswahili cha Likasi.

Mama alikuwa akihesabu vidoleni. “Viwanja 24,” akasema, “mwaka mmoja kimoja. Na sisi huku msitu ni wa nani hata tuugawe?” Swali hilo lilikuwa zito kuliko yote ya siku ile. Kwa amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014, jamaa ya wenyeji katika Kongo yaweza kuomba ipewe msitu wake, hata hekta 50,000. Lakini ombi lataka ramani, na baadaye hesabu ya miti na mpango wa kuvuna ulioandikwa vizuri. Tulimwuliza mama ni nani pale Buluo awezaye kuandika hayo. Akamtazama mwanawe.

Baba bado hajakubali, nasi hatukumshurutisha, kwa kuwa mgodi hulipa mwisho wa mwezi na msitu hungoja. Mama alituuliza jambo moja la mwisho: Kiingereza cha kutosha hufundishwa kwa miezi mingapi, na kwa bei gani. Kijana ameanza kuulizia mjini.