Nani Hana Mtu?



Wengi wenu mnaikumbuka Ijumaa ya tarehe 6 Machi 2020. Ilikuwa Siku ya Maombi ya Dunia, ambayo wanawake Wakristo wa madhehebu mbalimbali wanaiadhimisha kimataifa tangu mwaka 1927. Kila mwaka ibada hutayarishwa na wanawake wa nchi moja. Mwaka ule dada zetu wa Zimbabwe walituletea Yohana mlango wa 5, habari za mtu aliyeugua miaka 38 na kulala kando ya birika la Bethzatha. Shida yake ilikuwa nini? Hakuwa na mtu wa kumtia majini.

Juma moja baadaye mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa hapa Kenya, na kabla ya mwezi kwisha makanisa yakafungwa. Yalipofunguliwa Julai, yalikuja na masharti: watu wasizidi 100, ibada iwe ya saa moja, na wasiingie watoto wa chini ya miaka 13 wala watu waliozidi miaka 58. Fikirini, akina mama! Ni nani wanaoshikilia maombi ya alfajiri katika makanisa yetu kama si mabibi hao? Mlango ulifunguliwa, wao wakabaki nje.

Masharti yale yalikuwa na sababu. Korona iliua wazee wengi kuliko vijana, na chumba kilichofungwa, chenye watu wengi wanaoimba, hueneza ugonjwa upesi. Lakini kutii masharti hakukuwa kuacha maombi. Wako waliopatana saa moja ya kuomba kwa simu, kila mtu nyumbani kwake. Wako waliosimama langoni wakaomba huku bibi ameketi mlangoni pake.

Machi 2022 makanisa yaliruhusiwa tena kujaa. Je, wote wamerudi? Yuko mama ambaye magoti yamemkaza na hawezi tena kupanda kilima. Mwingine hana nauli. Mwingine anauguza mume, na mwingine, kijana kabisa, anafanya kazi za zamu kila siku ya maombi. Hakuna sheria inayowazuia sasa, ila nao hawana mtu.

Mimi kama muuguzi nawaambia upweke si jambo dogo. Mzee anayekaa peke yake husahau dawa za presha, hula kidogo, na hakuna anayeuona mguu wake ukivimba. Kikundi kinachokwenda kuomba kwake huyaona mambo hayo mapema. Basi, tufanye hivi:

1. Katibu aandike pia majina ya wasiofika. Kila jina lipewe akina mama wawili.

2. Ulizeni kwanza saa inayomfaa mwenyeji, hasa akiwa amekwisha kula na kumeza dawa. Kwa mgonjwa, nusu saa yatosha. Msimpikishe chai.

3. Mwenye mafua au kikohozi asiende, apige simu. Wengine wanawe mikono, na dirisha lifunguliwe.

4. Mwacheni naye aombe. Bibi aliyeongoza maombi miaka 40 hajasahau kuomba. Amekosa wa kuomba naye. Mpelekeeni majina ya wenye shida ili aendelee kuwaombea mkishaondoka.

5. Mkimkuta anahema kwa shida, ana maumivu ya kifua, au amechanganyikiwa ghafla, msingoje maombi yaishe. Mfikisheni hospitali, na mwombe mkiwa njiani.

6. Kwa wenye kazi za zamu, badilisheni siku mara moja kwa mwezi. Siku ya kikundi haikuandikwa katika mbao za mawe.

Akina mama, yule mgonjwa wa Bethzatha alizungukwa na watu wengi, na bado hakuwa na mtu. Yesu hakumtumia ujumbe kwamba ibada ni saa nne. Alimwendea pale pale alipolala. Kwa hiyo, Ijumaa ya kwanza ya Machi inapokaribia, kabla hatujaulizana juu ya sare na nyimbo, tuulizane kwanza: katika kikundi chetu, nani hana mtu?