Maumivu ya mgongo hayaponi kwa kuning'inia kama popo

Nimeingia miaka ya arubaini nikiwa na mgongo wa mzee wa themanini. Kila jioni nilipotoka chuoni na kuvuka Daraja la Nyali ndani ya matatu, nilishuka hapa Kiembeni nimejishika kiuno, na watoto wa mtaani wakiniamkia, "Shikamoo, babu!" Daraja hiyo sijaifikia bado. Hata hivyo, sikuwa na la kuwajibu.

Mfa maji haishi kutapatapa. Rafiki yangu mmoja alinieleza habari za kitanda cha ajabu ambacho, kwa kukosa jina jingine, nitakiita kitanda cha kichwa-chini. Mtu hufungwa vifundo vya miguu, kitanda kikapinduliwa, naye akaning'inia miguu juu, kichwa chini. Rafiki yangu aliapa kwamba kimemponya. Nami nikasahau kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, nikachukua fedha nilizomwekea mwanangu kwa karo ya muhula, nikakinunua. Kwa majuma sita nilining'inia sebuleni mfano wa popo wa mwembeni.

Sikatai kwamba nilipata nafuu. Mtu anaponing'inia, uzito wa mwili wake huvuta uti wa mgongo, na pingili zikapata nafasi kidogo baina yao. Lakini asimamapo tu, uzito hurudi pale pale ulipokuwa. Isitoshe, kulala chali usiku kucha huupumzisha uti wa mgongo bila ya gharama yoyote; ndiyo maana sote huamka asubuhi tukiwa warefu kidogo kuliko tulivyokuwa jioni. Nafuu yangu ya alfajiri haikuwahi kufika adhuhuri.

Siku moja mwalimu mwenzangu, mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu, alinitembelea na kutaka kukijaribu. Haikupita dakika mbili uso ulimwiva, macho yakaingia kiwi, na tulipomshusha hakuweza kusimama. Katika zahanati tuliyomkimbiza tuliulizwa swali moja: nani aliyewaambia mtu mwenye presha aning'inizwe? Tuliinamisha vichwa. Muuzaji hakuniuliza lolote kuhusu presha wala ugonjwa wa macho, ilhali kuning'inia huko hupandisha shinikizo la damu na la ndani ya macho pia. Ama mimi, sikumuuliza yeye lolote.

Hapo ndipo aibu iliponishika. Mimi ambaye kwa wino mwekundu huwaandikia wanafunzi wangu "Ushahidi uko wapi?" nilikuwa nimetumia karo ya mtoto bila ya kuuliza swali hilo hilo.

Nilipouliza, nilikuta kwamba jambo hili ni kongwe. Maandishi ya tabibu wa Kiyunani, Hippocrates, yaliyoandikwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, yanaeleza jinsi wagonjwa wenye vibyongo walivyofungwa kwenye ngazi na kutingishwa, wengine vichwa chini. Maandishi hayo hayo yanawalaumu matabibu waliopenda mbinu hiyo kwa ajili ya kuushangaza umati. Katika zama zetu, utafiti uliofanywa Newcastle, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba wengi wa waliopinduliwa waliepuka upasuaji. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini wagonjwa wenyewe walikuwa 26 tu, idadi isiyojaza darasa moja la shule zetu. Tena hao walikuwa wanangoja upasuaji wa diski. Si kila mwenye kiuno kizito. Mwaka 2013 wataalamu wa Cochrane walipopitia majaribio 32 ya tiba ya kuvuta uti wa mgongo, waliona kwamba faida yake ni ndogo au haipo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 waliugua maumivu ya kiuno mwaka 2020. Katika mwongozo wake wa Desemba 2023, shirika hilo halikuipendekeza tiba ya kuvuta. Lililopendekeza ni elimu kwa mgonjwa na mazoezi ya mwili. Na ukandaji, ambao mama zetu wa Pwani wanaujua tangu jadi, nao umepewa nafasi yake. Lakini mwenye ganzi mapajani au sehemu za siri, udhaifu wa miguu, homa, au anayeshindwa kuzuia haja, asikande wala asining'inie. Aende hospitali mara moja.

Siku hizi natembea kwa miguu hadi barabara ya Malindi kabla ya kupanda matatu, na Jumamosi napita ufuo wa Bamburi. Nikisahihisha mitihani, kila nusu saa huinuka. Maumivu hayakwisha, ila yamekuwa mgeni. Zamani yalikuwa mwenye nyumba.

Sasa nawageukia walimu wakuu. Katika shule zetu nyingi, kipindi cha mazoezi ya mwili kimo kwenye ratiba tu. Saa yake ikifika, huingia mwalimu wa hesabu au wa sayansi, na watoto walioketi tangu alfajiri wakaendelea kuketi. Tunawafundisha viungo vya mwili ubaoni huku tukiwanyima ruhusa ya kuvitumia. Rudisheni kipindi hicho. Na mwalimu naye atoke pamoja nao, asibaki ofisini amejishika kiuno.

Ama kitanda changu, kingali kibarazani, na mke wangu hukianikia nguo. Karo ya mwanangu niliilipa kwa mkopo, na mkopo huo ningali naulipa.