Tusiyapite ya kwetu tukikimbilia bahari

Mhariri,

Kila likizo majirani zangu hapa Nakuru hufunga mizigo kwenda Diani na Watamu kuogelea baharini. Siwalaumu, bahari ina raha yake. Lakini wangapi wamewahi kupanda Menengai asubuhi na kuitazama kasoko ile yenye upana wa kilomita 12 hivi? Wangapi wamewapeleka watoto Hyrax Hill, alikochimbua mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937, waone makazi na makaburi ya kale? Kesho yake waende Ziwa Naivasha, wapande mashua, wawatazame viboko kwa mbali, kisha wale samaki wa kukaanga ufuoni. Wazazi wenzangu, tuwaonyeshe watoto Bonde la Ufa kwanza. Bahari haihami.

Mzazi,
Nakuru