Ukibisha Hodi, Sema Wewe ni Nani

Mei mwaka huu, tukiwa katikati ya muhula, nilimtumia mkuu wa shule mmoja ujumbe WhatsApp: "Shikamoo mwalimu." Basi, hiyo tu. Jibu lilikuja kesho yake asubuhi: "Marahaba." Sikuchelewa. Nikamrushia CV yangu, faili limeandikwa "CV mpya mpya 2", bila neno jingine lolote. Tiki zikawa bluu. Jioni akaandika: "Samahani, wewe ni nani?"

Huyu ni mzee ambaye nilifanya mazoezi ya kufundisha shuleni kwake. Chai ya saa nne tumekunywa pamoja ofisini. Lakini tangu nilipoondoka Septemba sikuwahi kumpa hata salamu, na kwenye picha yangu ya WhatsApp kulikuwa na nembo ya Simba. Angenijuaje?

Nilipojieleza, alinijibu kwa upole kwamba nafasi ya tempo ya Jiografia ilikuwepo, ila ameshampa mwenzangu. Huyo mwenzangu namfahamu, tulikuwa naye shule hiyo hiyo. Januari, matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili yalipotoka, alimwandikia mkuu kuuliza watoto tuliowafundisha wamefanyaje. Hakuomba kitu. Miezi minne baadaye nafasi ikapatikana, akakumbukwa yeye.

Wanachuo wenzangu, tukisikia neno koneksheni wengi tunawaza mjomba aliyeko wizarani. Mimi nasema koneksheni ya mwanafunzi wa kawaida ni adabu, na adabu yenyewe tumeikuta nyumbani. Mgeni akifika mlangoni anabisha hodi, anasalimia, anajitambulisha, ndipo anasema shida yake. Hakuna anayebisha hodi halafu akakaa kimya nje akisubiri mwenyeji akisie amefuata nini. Ila tukishika simu, tunafanya hivyo hivyo. "Mambo." "Niaje boss." "Naomba koneksheni." Ya nini? Kwa nani? Wewe umesomea nini?

Ujumbe wa kwanza ujitosheleze. Ningekuwa na akili, Mei ile ningeandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fulani, nilifundisha Jiografia Kidato cha Pili shuleni kwako mwaka jana, Julai hadi Septemba. Namaliza chuo mwezi wa saba. Ikitokea nafasi ya tempo ya Jiografia au Kiswahili, naomba unifikirie. CV yangu hii hapa. Asante kwa muda wako." Mtu anasoma mara moja, anajua la kujibu. Kama humjui umri, mfano mmekutana LinkedIn, "Habari za kazi" inatosha na haimkwazi mtu. Sauti ya dakika nne usimtumie mtu usiyemzoea, na saa tano usiku mwache apumzike.

Kuna atakayesema ajira serikalini haihitaji haya, unaomba kupitia Ajira Portal na unaitwa kwenye usaili. Kweli. Lakini matangazo ya huko huko yanakutaka utaje wadhamini watatu. Hapo ndipo tunapoharibu. Tunaandika namba ya mhadhiri aliyetufundisha darasa la watu mia tano, wala hatujamwambia. Siku akipigiwa simu kuulizwa habari zako, atasema nini zaidi ya "simkumbuki"? Muombe kwanza. Mkumbushe ulisoma naye kozi gani, mwambie umeomba kazi gani. Ukipata au ukikosa, mrudishie majibu. Tunajua sana kuomba, kurudi kusema asante hatujui.

Wengine wanaita huku ni kujipendekeza. Nimelifikiria hilo, maana na mimi ndivyo nilivyomcheka mwenzangu. Kujipendekeza ni kumsifia mtu kwa usichokiamini ili akupe kitu. Kuuliza watoto uliowafundisha wamefaulu vipi ni kazi ya mwalimu. Kama unaona aibu kumsalimia mtu siku ambayo huna shida, jiulize kwa nini huoni aibu siku ya shida.

Jambo moja linatuhusu zaidi sisi wa ualimu. Tukitaka tuonekane tunafanya kazi, tunapiga picha za wanafunzi darasani, sura zote zinaonekana, tunabandika mtandaoni. Watoto hawajaulizwa, wazazi hawajui. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Hata isingekuwepo, mzazi gani atamwamini mwalimu wa namna hiyo? Piga picha ubao wako, zana ulizotengeneza, andalio la somo. Hivyo vinakutambulisha vizuri tu. Na namba ya simu ya mtu usiigawe kwenye kundi kabla hujamuuliza.

Nilimwandikia yule mzee tena, kumshukuru kwa kunijibu na kumtakia mwenzangu heri. Sikuomba kitu. Na picha yangu sasa ina sura yangu.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi: kila mwaka kabla hatujatawanyika kwenda mazoezi ya kufundisha, tunapewa semina ya mavazi na maandalio. Ongezeni saa moja ya jinsi ya kuwaandikia watu. Haihitaji bajeti, inahitaji ukumbi na mwalimu mkuu mmoja aje atusomee, bila kutaja majina, meseji tunazomtumia. Naomba kutoa hoja.